150m ya kwenye saa ya Seiko ya zamani sio ruhusa ya kuogelea nayo

Mtu akipata Seiko 6309, ile saa otomatiki (inayojijaza yenyewe mkono ukicheza) ya wapiga mbizi iliyoanza 1976, akiona imeandikwa 150m, yaani inazuia maji hadi mita 150, basi anaruka nayo baharini. Hapana bana. Hiyo namba ni ya siku ilipotoka kiwandani, maana kinachozuia maji sio chuma peke yake ni vile vimpira, kimoja kwenye mfuniko wa nyuma, kingine kwenye kioo, kingine kwenye kile kitufe cha kuzungushia kilichokaa pale saa kumi, na mpira ukizeeka unakauka unakatika kama kandambili iliyosahaulika juani. Fundi abadilishe vyote halafu aipime kwa mashine ya presha. Na asiipige msasa, mi mikwaruzo naiacha, zile kona zikishalika hazirudi.