Bunduki ya babu yako, taji, na Mjerumani asiyehusika

Jumamosi iliyopita kijana mmoja alinipigia simu kutoka Mnazi Mmoja, hapa Lindi, na baada ya kuniamkia alinieleza kwamba kwao ipo "bunduki ya Mjerumani ya kuulia mbogo", na kwamba ushahidi wake ni taji lililopigwa kwenye chuma. Hii ni mara ya nne tangu mwaka huu uanze. Nilifanya kazi ya wanyamapori kwa miaka mingi, Liwale na Nachingwea, na tangu nistaafu ninakusanya historia za bunduki kuukuu za uwindaji; chache nilizonazo mwenyewe zina leseni. Katika muda wote huo sijaona bunduki ya zamani ya kusini ambayo wenyewe hawakusema ni ya Mjerumani. Ukiwasikiliza watu wetu utadhani kabla ya Mjerumani kuja baruti haikujulikana Kilwa.

Picha aliyonitumia ni ya gobori la fataki, yaani bunduki ya kupakiwa baruti kwa mdomo, inayowashwa kwa fataki ndogo inayogongwa na nyundo. Chini ya taji zimo herufi VR, yaani Victoria, malkia wa Uingereza aliyetawala kuanzia 1837 hadi 1901, na mbele yake neno "Tower", yaani Mnara wa London, ambako silaha za dola zilikuwa zikikaguliwa. Kaisari wa Ujerumani hayumo. Hata hivyo, na hapa ndipo wanaonisikiliza huchoka, taji hilo halithibitishi kwamba gobori lilikuwa mali ya jeshi la Uingereza. Wafanyabiashara wa Birmingham, na wenzao wa Liège kule Ubelgiji, walitengeneza magobori ya kuuzwa Afrika wakayapiga alama za kuiga, kwa sababu mnunuzi alikuwa amezoea kuziona na bila hizo alishuku mali. Kwa hiyo ninachokitafuta kwanza si taji bali ni chapa ndogo ya majaribio ubavuni mwa mtutu, iliyopigwa baada ya mtutu kufyatuliwa kwa baruti nyingi kupita kawaida na kutopasuka. Chapa ya Liège ni duara la yai lenye herufi ELG. Ikiwa juu ya yai hilo kuna taji dogo, mtutu ulijaribiwa 1893 au baadaye. Chapa hiyo ya ukubwa wa punje ya mtama ina maneno ya kweli kuliko hadithi yote ya ukoo.

Umri nao hauonekani kwa macho. Watu huamini kwamba bunduki ya gumegume, inayowashwa kwa cheche za jiwe, lazima iwe kongwe kuliko ya fataki, na ya fataki kuliko ya kupakiwa nyuma. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia silaha za kisasa kuingizwa katika ukanda mkubwa wa Afrika, kutoka nyuzi 20 kaskazini hadi nyuzi 22 kusini, lakini ukaruhusu bunduki za gumegume zenye mtutu laini pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Matokeo yake, gumegume iliendelea kuuzwa kwetu wakati Ulaya ilikwisha kuwa kitu cha ukumbusho. Kwa hiyo gumegume ya babu yako yaweza kuwa changa kuliko bunduki ya Mauser, ya kiwanda cha Kijerumani, iliyoning'inizwa pembeni yake.

Bunduki ya Mjerumani kweli ipo. Iliyokuwa mikononi mwa askari wengi wa hapa ni Mauser ya 1871, ya risasi moja moja, yenye mtutu wa milimita 11 na baruti nyeusi. Ndiyo iliyotumika wakati wa Majimaji, na vita vya 1914 vilipoanza kampuni nyingi za askari zilikuwa bado nayo, moshi wake ukimwonyesha adui mahali mpigaji alipojificha. Lakini hiyo ni silaha ya jeshi. Kwamba mtu fulani aliwahi kumpigia mbogo haiifanyi kuwa bunduki ya mbogo, kama vile panga lililowahi kuua nyoka lisivyogeuka kuwa panga la nyoka.

Bunduki zilizoundwa mahususi kwa mnyama mzito ndizo zinazovuruga kabisa swali la "ya nani". John Rigby wa London alikuwa wakala wa Mauser nchini Uingereza kuanzia 1897, na bunduki yake mashuhuri ya .416, iliyotoka 1911, ilijengwa juu ya mtambo mkubwa, yaani sehemu ya kufungia na kufyatulia risasi, uliotengenezwa na Mauser huko Oberndorf, Ujerumani. Jina la Kiingereza, uti wa mgongo wa Kijerumani. Kwa upande mwingine, risasi ya milimita 9.3 aliyoibuni Otto Bock wa Berlin mwaka 1905 ilikusudiwa kuwa nguvu ya bei nafuu kwa walowezi, na baada ya utawala wa Mjerumani kwisha wapo Waingereza walioitumia bila haya. Mtengenezaji, muuzaji, mbebaji na mrithi waweza kuwa watu wa mataifa manne. Unaponiambia "ya Mjerumani", sharti uniambie unamsema yupi kati yao.

Mimi mwenyewe nimeteleza hapohapo. Miaka kadhaa iliyopita, Newala, nilionyeshwa bunduki iliyoandikwa Berlin. Familia ilisema ni ya Mjerumani, nami nikawasahihisha kwa majivuno: taji lililokuwa juu ya mtambo lilikuwa la Mfalme Carlos wa Ureno, kwa kuwa hiyo ni Mauser-Vergueiro ya 1904, ya milimita 6.5, iliyotengenezwa Berlin kwa ajili ya jeshi la Wareno. Nikaongeza kwamba bila shaka ilitekwa Ngomano, kwenye makutano ya Ruvuma na Lugenda, ambako tarehe 25 Novemba 1917 Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Mjerumani, aliishinda ngome ya Wareno na kuwapa askari wake silaha alizozikuta. Kwa maelezo hayo familia ilikuwa imepatia kwa njia ya makosa: bunduki ya Mreno iliyobebwa na askari wa Mjerumani. Wakafurahi, nami nikafurahi.

Leo sina uhakika na neno hilo "bila shaka". Kikosi kile kilipovuka Ruvuma hakikurudi kwa njia ya Newala. Kilizunguka Msumbiji karibu mwaka mzima, kikapitia upande wa Songea, kikasalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia. Yawezekana mpagazi alitoroka nayo, na yawezekana zaidi kwamba miaka mingi baadaye ilivushwa mtoni kwa magunia ya korosho bila vita yoyote. Pia kitako chake ni cha mninga, kazi ya fundi wa hapa, na skrubu mbili si zake. Nilichowapa watu wale kilikuwa hadithi nzuri zaidi kuliko yao, wala hakikuwa na karatasi hata moja nyuma yake.

Wengine husoma mtandaoni kuhusu bunduki za Sharps za "mbogo" wa Marekani na kuniuliza zinauzwa wapi hapa. Mnyama yule ni baisani, mwenye nundu na manyoya, wala si mbogo wetu, na kampuni ya Sharps ilifungwa 1881. Wapo pia wanaouliza kama ndani ya kitako kuna zebaki, ile wanayoisikia kuwa ya thamani kubwa. Kwenye kitako cha Lee-Enfield ya Mwingereza kipo kitundu chenye kifuniko, na ndani yake huwekwa chupa ya mafuta na kamba ya kusafishia mtutu. Basi.

Ukikuta gobori darini, usilifyatue na usilikaribishe motoni, maana baruti nyeusi iliyolala miaka hamsini bado ni baruti. Ingiza mdeki, yaani fimbo ya kushindilia baruti, polepole ukiwa umeelekeza mdomo mbali na watu, uweke alama kwa kidole, kisha upime kwa nje: usipofika karibu na tundu la moto, lina kitu ndani. Toa taarifa polisi kabla ya kunitafuta, kwa sababu silaha isiyo na kibali ni kosa, hata kama marehemu babu alikuwa mtu mwema. Na usiguse chuma kwa msasa.

Yule kijana wa Mnazi Mmoja nimemwomba picha ya ubavu wa kushoto wa mtutu, pale chapa ya majaribio inapokaa. Mpaka sasa ameleta picha sita, zote za taji.