Kupumzika mitandao sio lazima ufute akaunti

Juzi pale mwaloni Kirumba dada mmoja muuza dagaa kaniambia kichwa kimechoka anatamani kupumzika Facebook, ila anaogopa akitoka tu picha zake na wateja wote wanapotea. Wengi wanaamini hivyo jamani na sio kweli. Kuzima akaunti na kuifuta ni vitu viwili tofauti kabisa, ukizima profaili inafichwa tu, picha zako zipo, Messenger unaweza kuendelea nayo, siku ukiingia tena kila kitu kinarudi. Ukifuta ndo inaondoka, na hata hapo wanakupa siku 30 za kughairi. Wateja wa dagaa si wanapiga simu?

Alafu kuna wanaodhani ukitoka tu raha yote inakuja. Hapana. Mwaka 2018 watafiti Marekani waliwalipa watu wazime Facebook wiki 4, wakapata kama saa 1 zaidi kwa siku, furaha ikapanda ila kidogo, na habari zikawapita. Hiyo saa mi naithamini sana, jioni nakaa na wanangu kwenye mawe Capri Point, simu imebaki nyumbani.