Je, wajua kwa nini njia za shaba kwenye bodi ya kompyuta hupindapinda?

Fungua kompyuta, utazame bodi yake kati ya prosesa na RAM (kumbukumbu ya muda). Kuna njia za shaba zinazokwenda upande, zinarudi, zinakwenda tena, ilhali nafasi ya kunyooka ipo tele. Za nini?

Wengine husema ni koili. Lakini katika mikunjo ile mkondo hupanda mkono mmoja na kushuka mkono wa jirani, hivyo sumaku zao hufutana kwa sehemu kubwa: ni koili mbovu kweli. Wengine husema ni za kupunguza umeme. Sentimita chache za shaba ya namna hiyo huongeza ukinzani wa sehemu ndogo tu ya omu moja, kitu kisichofaa hata kutajwa.

Jibu linalokaribia ukweli, na kwa hiyo linapotosha zaidi, ni kwamba njia hurefushwa ili elektroni zote zifike kwa wakati mmoja. Elektroni hazifiki. Data ikibadilika mara mabilioni kwa sekunde, elektroni husogea kidogo mno mbele na nyuma, zikabaki karibu pale pale. Chukua daladala iliyojaa hadi mlangoni. Konda akisukuma abiria wa mwisho, aliye kiti cha nyuma anabanwa mara moja, ingawa hakuna aliyesogea zaidi ya upana wa kidole. Kilichosafiri ni msukumo. Na kasi ya msukumo haitegemei abiria mmoja mmoja anakimbia kiasi gani, bali jinsi walivyobanana.

Kwenye bodi, msukumo huo ni uga wa umeme, na sehemu yake kubwa hupita kwenye faibaglasi, yaani kioo na gundi vinavyounda bodi yenyewe, iliyo kati ya njia na tabaka la shaba la graundi (volti sifuri) lililo chini yake. Shaba huuongoza tu. Kasi huamuliwa na faibaglasi: takriban nusu ya kasi ya mwanga, yaani kama sentimita 15 kwa nanosekunde (sehemu ya bilioni ya sekunde).

Hapo ndipo mikunjo inapoeleweka. RAM ya aina ya DDR4-3200 hupitisha biti (0 au 1) bilioni 3.2 kwa sekunde katika kila njia ya data, hivyo biti moja hudumu pikosekunde 312.5 (pikosekunde elfu moja ni nanosekunde moja). Njia moja ikizidi wenzake kwa sentimita moja, biti yake huchelewa pikosekunde 65 hivi, moja ya tano ya muda wake wote. Njia nane za data husomwa pamoja kwa ishara moja ya wakati. Ndefu kuliko zote haifupishiki, basi fupi ndizo zinazorefushwa.

Ila urefu sawa si lazima uwe muda sawa. Njia ya tabaka la nje ina hewa juu yake, kwa hiyo ishara hukimbia kuliko kwenye tabaka la ndani. Mikunjo ikibanana mno, sehemu ya ishara huruka kutoka mkono hadi mkono na kuwahi kufika. Tena faibaglasi ni kitambaa: njia iliyolalia uzi wa kioo huwa na kasi ndogo kuliko iliyolalia gundi ya epoksi. Kuna wabunifu wanaochora bodi nzima ikiwa imeinama digrii chache, ili njia zikatize ufumaji huo. Inachekesha, na inasaidia.

Si kila mkunjo una lazima. Kwenye PCI Express, njia za kuunganishia vifaa kama kadi ya picha, ambako ishara hupita kwa jozi za waya, waya mbili za jozi moja lazima zilingane sana, lakini jozi na jozi zinaweza kutofautiana urefu kiasi kikubwa, kwani chipu inayopokea huzipanga upya. Mikunjo mingine ni uangalifu uliopitiliza tu.

Na ule mkunjo ulio peke yake pembeni mwa moduli ya Wi-Fi au Bluetooth una kazi tofauti kabisa: ni antena, iliyokunjwa ili itoshe. Mulika tochi nyuma yake. Shaba ya graundi imeondolewa hapo makusudi, kwa hiyo mwanga hupenya faibaglasi. Sehemu hiyo usiifunike kwa chuma.