Je, wajua kwamba majivu ya maiti yanaweza kufichua sumu?

Mwaka 1971, katika kijiji cha Bovingdon, kaskazini-magharibi mwa London, wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha vifaa vya kupigia picha walianza kuugua mmoja baada ya mwingine. Matumbo yaliwasokota, miguu ikafa ganzi, wengine nywele zikawa zinang'oka. Watu walihisi ni virusi. Mfanyakazi wa kwanza alifariki Julai, madaktari wakaandika ugonjwa wa neva, na mwili wake ukachomwa moto kama wafanyavyo Waingereza wengi. Novemba akafa wa pili. Polisi walipomkamata Graham Young, kijana wa bohari aliyekuwa akiwapelekea wenzake chai, marehemu yule wa kwanza alikuwa amebaki majivu tu.

Majivu hayo yalipelekwa maabara. Wakemia wakakuta ndani yake miligramu 9 za thaliamu, metali yenye sumu kali.

Ukisikia hivyo mara ya kwanza unashangaa: kama moto umekula nyama na damu, sumu imeponaje? Jibu liko katika aina ya sumu yenyewe. Dawa nyingi za kuua wadudu, na sumu zitokazo kwenye mimea, ni molekuli: atomu kadhaa zilizoshikana kwa mpangilio maalumu. Joto kali likivunja mpangilio huo, sumu imekwisha, hakuna wa kuitambua tena. Thaliamu ni metali, nayo ni elementi, yaani ina atomu za aina moja tu. Moto unaweza kuipeperusha sehemu yake pamoja na moshi, lakini inayobaki ni thaliamu ile ile. Hakuna tanuri linaloweza kuigeuza kuwa kitu kingine.

Sasa utaitambuaje katika majivu, ambayo machoni petu yote ni rangi moja? Hapa ndipo ninapoipenda sayansi hii. Umewahi kuona chungu cha wali kikifurika juu ya jiko la gesi, maji yenye chumvi yakagusa moto wa bluu ukawaka njano? Njano ile ni sodiamu iliyomo kwenye chumvi, inajitangaza. Kila elementi ikipashwa moto hutoa rangi zake, na ukizipitisha rangi hizo kwenye kioo cha pembe tatu zinatawanyika kuwa mistari myembamba ambayo hakuna elementi nyingine iliyo nayo kwa mpangilio huo. Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff walilithibitisha jambo hili Heidelberg, Ujerumani, kuanzia mwaka 1859. Miaka miwili baadaye William Crookes, akichunguza mabaki ya kiwanda cha asidi ya salfa, aliona mstari wa kijani ambao hakuna aliyeujua. Akaiita elementi hiyo thaliamu, kutokana na neno la Kigiriki la chipukizi bichi. Yaani thaliamu ilijulikana kwa mwanga wake kabla mtu yeyote hajaishika mkononi.

Kipimo kilichotumika kwenye majivu ya Bovingdon kinaigeuza kanuni hiyo. Atomu iliyotulia hufyonza rangi zile zile ambazo ingezitoa ikichangamshwa. Mwanasayansi Alan Walsh wa Australia alionyesha mwaka 1955 namna ya kulitumia hilo kupimia metali. Majivu huyeyushwa kwa asidi, kimiminika kikapulizwa kama ukungu ndani ya mwali wa moto. Upande mmoja wa mwali huwekwa taa iliyotengenezwa kwa thaliamu yenyewe, upande wa pili kipima-mwanga. Taa ya thaliamu hutoa mwanga wa thaliamu peke yake, kwa hiyo mwanga ukififia kwenye rangi hiyo ni kwa sababu atomu za thaliamu zilizomo motoni zimeufyonza. Kadiri unavyofifia zaidi ndivyo sumu ilivyo nyingi. Mkemia hulinganisha na vimiminika ambavyo kiasi chake cha thaliamu anakijua tayari, ndiyo maana anaweza kusema miligramu 9 badala ya kusema tu "ipo".

Lakini kupima ni nusu ya kazi. Sharti uhakikishe sumu haikutoka kwingine: kwenye asidi uliyotumia, kwenye chombo, kwenye udongo. Mathieu Orfila, mtaalamu wa elimu ya sumu, alilisisitiza hili mapema kabisa. Mwaka 1840, katika kesi ya Marie Lafarge huko Tulle, Ufaransa, aliyeshtakiwa kumwua mumewe kwa aseniki, Orfila hakupima viungo vya marehemu tu. Alipima na udongo wa makaburini, na kemikali zake mwenyewe, ndipo akatoa ushahidi. Mpaka leo sampuli zinazofikishwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, Dar es Salaam au Nairobi, zinatakiwa kufika zikiwa zimefungwa kwa lakiri na kuandikwa nani alizichukua na nani alizipokea. Sampuli iliyochafuka njiani haiwezi kusafishwa na mashine yoyote, hata iwe ghali namna gani.

Kuna pia swali ambalo mwanga hauwezi kulijibu: nani aliitia? Katika chumba cha Young polisi walikuta daftari lenye vifupisho vya majina ya watu, vipimo vya sumu aliyowapa, na jinsi kila mmoja alivyoendelea kuumwa. Mahakamani alidai ni maandalizi ya hadithi aliyotaka kuandika. Pengine angeaminiwa, isingekuwa zile miligramu 9 ndani ya majivu. Mwaka 1972 alihukumiwa kifungo cha maisha.