Mlokole sio mtu asiyekosea

Jamani hili neno mlokole tumelichosha. Juzi tu kwenye grupu la kamati ya harusi mmoja kachelewesha mchango, mwenzie akaandika "mlokole gani anadaiwa laki moja", watu wakacheka wakaendelea na mambo ya ukumbi. Ndio tunavyoongea siku hizi, mlokole ni yule wa sketi ndefu, hanywi, hachezi mziki, na akiteleza kidogo tunamrukia, si ulisema umeokoka wewe?

Maana yake ni fupi, mlokole ni mtu aliyeokoka, neno limetufikia kutoka Uganda ambako waliitwa abalokole, yaani waliookoka. Basi. Shida ipo kwenye tunayoyapachika juu yake.

La kwanza nalipitia haraka, watu wanadhani mlokole na Mpentekoste ni kitu kimoja. Sio. Uamsho uliowazaa hao abalokole ulizaliwa ndani ya Anglikana, mwaka 1929 Muganda mmoja anaitwa Simeoni Nsibambi alikutana Namirembe, Kampala, na daktari mmisionari Mwingereza, Joe Church, wakakaa na Biblia na kuomba pamoja, halafu moto ukawaka Gahini kule Rwanda alikokuwa anafanya kazi huyo daktari, ukasambaa Uganda, Burundi, Kenya na huku kwetu Kagera ukaingia mpaka kwa Walutheri. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, aliyekuja kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani mwaka 1977, alikuwa mtu wa uamsho huo. Hawakuhama makanisa yao wala kunena kwa lugha hakukuwa ajenda yao, wao ilikuwa ni msalaba, damu ya Yesu na kutubu.

La pili ndilo linaloniudhi, kwamba mlokole ni mtu anayejiona hana dhambi. Nenda ukakae kwenye fellowship ya wale wazee ndio utajua tumegeuza mambo juu chini. Wana kitu wanaita kutembea nuruni. Mtu anasimama, Yesu asifiwe, anataja jina lake, halafu anasema alichokosa wiki hiyo hiyo, sio zile shuhuda za "zamani nilikuwa mlevi". Nilishamsikia mama mmoja akisema jirani alikuja kuomba maziwa akamwambia ng'ombe hajatoa kitu, kumbe kibuyu kiko nyuma ya mlango, na huyo jirani mwenyewe kakaa benchi la pili anasikiliza! Wenzake wakaitikia kwa pambio, akakaa, akafuata mwingine. Hakuna aliyemuuliza we mlokole gani, maana kwa hesabu yao mlokole ni yule anayejua atakosa na anakubali kulisema mbele za watu.

Ukishaishi hivo hata dunia unaiangalia tofauti. Kwenye ule uamsho watu walirudisha vitu walivyoiba miaka ya nyuma, wakaenda kulipa madeni ambayo mwenye nayo alishayasahau, na wamisionari wazungu wakasimama kutubu kiburi chao mbele ya Waafrika, hapo tuko katikati ya ukoloni, fikiria. Wakati wa Mau Mau kule Kenya miaka ya 1950 wengi wao walikataa kiapo, na wengi hao hao wakakataa pia kushika bunduki upande wa serikali, kwa hiyo wakawindwa na huku na huku, wengine wakauawa. Na mwaka 1977 baada ya Askofu Mkuu wa Anglikana Uganda, Janani Luwum, kuuawa na utawala wa Idi Amin, Askofu Festo Kivengere, naye mlokole, alikimbia Uganda halafu akiwa uhamishoni akasema hadharani kwamba anamsamehe Amin. Mtu anayejiona msafi hafiki huko, anafika yule anayejihesabu kuwa na yeye alisamehewa deni kubwa.

Sio kwamba hii sifa ya ukali imetoka hewani, hapana. Walokole walikuwa wasumbufu pia. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa chuo cha wachungaji cha Mukono, Uganda, kwa kung'ang'ania ibada zao za alfajiri na kuwahubiria dhambi mpaka wakubwa wao, na baadaye huko huko likatokea kundi la walokole wakali zaidi walioitwa Bazukufu, lililokataza hata kukopa. Kutubu dhambi zako kukigeuka kuhesabu za wenzio inachosha kweli, na wenyewe kwa wenyewe waligombana sana juu ya hilo.

Kwa hiyo ukitaka kumsema anayejifanya mtakatifu mwite tu mnafiki, neno lipo na halijaisha. Na ukikutana na mzee wa Bukoba kakwambia yeye ni mlokole usimuulize anasali kanisa gani la wokovu, uwezekano mkubwa ni Mlutheri wa siku zote, ana bahasha yake ya ahadi na namba ya jumuiya kama wewe.