Kwa nini majani ya maua ya tunguu yanalala, na mengine yanasimama wima

Mtu akiona majani ya amarilisi yake, moja ya haya maua ya tunguu, yamelala pembeni ya chungu anakimbilia maji, na mara nyingi hapo ndo anaimaliza kabisa. Jani kulala sio lazima iwe kiu jamani.

Anza na hili, maua ya tunguu, yani yale yanayoota kutoka kwenye kitu kama kitunguu, hayana mti. Mwembe unasimama kwa sababu una mbao ndani, jani la amarilisi halina mbao, kinacholikaza ni maji. Kila seli ni kama gurudumu la baiskeli, ndani kuna kifuko cha maji ambacho ndo tyubu, nje kuna ukuta ambao ndo tairi, maji yakijaa tyubu inasukuma tairi na kitu kizima kinakaza. Na presha yake sio ya mchezo, mara nyingi inazidi ile ya tairi la gari. Maji yakipungua inakuwa kama mchicha ulioshinda juani sokoni.

Ila maji peke yake hayatoshi, jani lenyewe ni refu na jembamba, linaweza kufika nusu mita, lingekuwa bapa kabisa lingejikunja tu hata likijaa maji. Ndo maana ukilitazama vizuri lina ka mfereji katikati. Shika karatasi kwa ncha moja itaanguka, ikunje kidogo katikati inanyooka yenyewe, na bati la nyumba lina migongo kwa sababu hiyohiyo.

Halafu kuna kitu watu hawakiangalii kabisa, shingo. Pale chini majani yanafungana, jani jipya linapita katikati ya yale ya zamani, kama mgomba, maana lile tunaloita shina la mgomba ni majani yaliyobanana tu. Lile ua letu jekundu la mviringo kama mpira, linalochomoza mvua zikianza, majani yake yanasimama vizuri kwa sababu yamejifunga hivyo. Wakulima wa vitunguu wanaijua hii bila kuambiwa, kitunguu kikikomaa kinaacha kutoa jani jipya, shingo inabaki tupu ndani, inalegea na majani yanalala hata kama jana mvua imenyesha. Hapo hakuna ugonjwa, hapo unajiandaa kuvuna.

Sasa rudi kwa amarilisi yako. Shika jani kwa vidole. Kama ni laini, limelegea lote, tatizo ni maji, lakini chomeka kidole kwenye udongo kwanza, ukikuta pakavu mwagilia, ukikuta pamelowa basi mizizi imeoza na haiwezi kunywa, ukiongeza maji unaizika. Toa tunguu, kata vilivyooza, panda upya kwenye udongo unaopitisha maji, na theluthi ya juu ya tunguu iachwe nje.

Kama jani ni gumu, zima, kijani, ila limeangukia upande, hiyo ni mwanga. Mmea ukiwa gizani unarefusha majani kuutafuta mwanga, yanakuwa marefu na membamba kuliko shingo inavyoweza kubeba. Yangu niliiweka ndani kona ya tivii kwa sababu inapendeza pale, miezi miwili majani yakawa kama mikanda inaning'inia, nikailaumu mbolea bure. Ingawa mbolea nayo, ukizidisha ile ya nitrojeni majani yanakua haraka yakiwa mororo. Yaliyokwisha refuka hayarudi, sogeza chungu dirishani taratibu usubiri majani mapya.

Na kama yanageuka njano huku yanalala, baada ya miezi mingi tangu lichanue, linaenda kupumzika tu, chakula kimeshashuka kwenye tunguu. Usiyakate yakiwa bado kijani, ndo jiko lenyewe hilo.

Kuna ya kuzaliwa hivyo pia. Afrika Kusini kuna Haemanthus coccineus, inatoa ua jekundu kwanza bila jani hata moja, likinyauka ndo yanakuja majani, kwa kawaida mawili tu, mapana, na yanalala chali juu ya ardhi msimu mzima yakiwa na afya tele. Hayo ukiyafungia kijiti yasimame unayaonea tu.