Eti protini isiyo na umbo haishikiki?

"Lakini protini hiyo haijajikunja, mwalimu. Kingamwili itaishikaje?" Swali hili naletewa na karibu kila kundi la wanafunzi wa nyanjani wanaopitia maabara yetu hapa Kisumu, na sasa limenichosha. Wamekaririshwa mfano wa kufuli na ufunguo, yaani kingamwili na protini lazima ziwe na maumbo yanayoingiana, hadi wanauamini kuliko matokeo yaliyo mbele ya macho yao. Kwao, protini isiyo na umbo thabiti haina pa kushikwa, na ikishikwa basi ni kwa kulegalega.

Si kweli, na watoto wa Kisumu, Siaya na Homa Bay wamekuwa wakidungwa ushahidi tangu 2019. Chanjo ya malaria ya RTS,S imebeba sehemu ya CSP, protini inayofunika sporozoiti, yaani kimelea cha malaria kinapoingizwa na mbu. Humo mna asidi amino nne zinazojirudia: asparajini, alanini, asparajini, prolini, tena na tena. Mfuatano huo hauna umbo moja la kudumu, na bado ndio unaolengwa na kingamwili nyingi za chanjo hiyo.

Inakuwaje? Kipande kilicholegea huingia kwenye mfereji wa kingamwili, kikajipinda humo kulingana na nafasi. Kingamwili mbili tofauti zaweza kukishika kipande kilekile kimejipinda kwa namna mbili. Gharama ipo: mnyororo unapoteza uhuru wa kuchezacheza, na uhuru huo (entropia) lazima ulipiwe. Inafidiwa kwa sababu karibu kila asidi amino iliyoingia humo inagusa kitu. Protini iliyojikunja hushikwa juujuu, kwenye eneo pana linaloundwa na vipande vilivyo mbalimbali katika mnyororo. Hii yetu iliyolegea, yatosha kipande kimoja kifupi. Uchambuzi wa 2016 uliolinganisha miundo ya aina zote mbili ulikuta kwamba epitopu (sehemu zinazoshikwa na kingamwili) zilizolegea ni ndogo zaidi, lakini kwa wastani hazishikwi kwa udhaifu. Kwenye CSP kuna ziada: marudio yamepangana, hivyo kingamwili jirani hugusana zenyewe kwa zenyewe na kukaza mshiko. Kufuli gani hilo?

Maneno mengine ninayoletewa nitayapitia haraka.

"Kama imelegea, basi kila sehemu iko wazi." Hapana. Chukua MSP2, protini nyingine iliyolegea ya kimelea cha malaria: kuna kingamwili zinazoishika vizuri ile iliyotengenezwa maabara, lakini ukizipa merozoiti yenyewe, kimelea kinachovamia chembe nyekundu za damu, hazishiki kitu. Kwenye kimelea, MSP2 imetiwa nanga kwenye utando na imesongamana na wenzake. Usiniletee ELISA (kipimo cha kuona kama kingamwili imeshika) ya protini ya maabara peke yake ukatangaza ushindi.

"Mstari umetokea juu mno kwenye jeli, kingamwili imekamata kitu kingine." Labda. Jeli hutenganisha protini kwa uzito, nzito zikibaki juu. Lakini protini hizi zilizolegea hushikana kidogo na SDS, sabuni inayozipa chaji ya kutembea, zikatembea polepole na kuonekana nzito kuliko zilivyo. Pima uzito kwa spektrometa ya masi kwanza, ndipo umlaumu aliyekuuzia kingamwili.

"Ukiichemsha umeiharibu." Utaharibu umbo gani, na halikuwepo? MSP2 huvumilia kuchemshwa. Zilizojikunja ndizo zinazoganda na kuzama, ukabaki nayo kwenye maji ya juu. Adui yake ni protiasi, vimeng'enya vinavyokata protini, kwa sababu mnyororo uliolegea hukatwa upesi. Kizuia protiasi kiingie kwenye bafa kabla hujapasua seli, si baada ya chai ya saa nne. Na barafu iwe barafu, jamani, si maji baridi yaliyobaki ndooni tangu asubuhi.